Nimetembelea Kanisa la Mt. Mikaeli, Hildesheim (Ujerumani): liliungua kwa mabomu 1945, leo limesimama. Karibuni tuongee

Mti wa Njombe (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu.

Niko Ujerumani mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi karibu na Hannover. Jumamosi iliyopita sikuwa na zamu, nikapanda treni hadi Hildesheim, mji ulio kusini-mashariki ya Hannover, kama kilomita 30 hivi. Nilikwenda kwa ajili ya jengo moja: Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, wenyewe wanaliita St. Michaelis. Nimerudi nimejaa maneno na hapa nilipo sina wa kumweleza kwa Kiswahili, ndiyo maana nimeyaleta kwenu. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie.

Kwa nini kanisa hili? Mimi ni Mlutheri. Kanisa la kijijini kwetu lilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na waumini wenyewe, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Hadi anafariki alikuwa akipita pale anaonyesha upande wa ukuta uliojengwa kwa tofali zake. Kwa hiyo niliposikia kuna kanisa la miaka elfu lililoungua vitani na watu wakalisimamisha tena, nilitaka nilione kwa macho yangu, nijue walianzia wapi.

Aliyelianzisha ni Bernward, askofu wa Hildesheim tangu 993 hadi alipofariki 1022. Alikuwa mwalimu wa Otto III tangu yule ni mtoto, kabla hajawa kaisari. Alifika mpaka Roma. Na alikuwa mtu wa kupenda kazi za mikono, hasa kusubu shaba, nitalirudia hilo mbele. Kanisa hili alilijenga kwa ajili ya watawa Wabenediktini, na alikusudia azikwe humo. Jiwe moja la msingi lenye tarehe ya 1010 lipo hadi leo. Alilitabaruku tarehe 29 Septemba 1022, sikukuu ya Mikaeli, likiwa halijakamilika. Novemba mwaka huohuo akafariki. Mrithi wake, Godehard, ndiye aliyelimalizia.

Ukilitazama kwa nje linakuchanganya kidogo. Makanisa mengi yana mbele na nyuma: huku mlango, kule madhabahu. Hili lina ncha mbili zinazofanana. Mashariki kuna mikono ya msalaba (yaani sehemu za jengo zinazotokeza kushoto na kulia), mnara mkubwa katikati na minara miwili myembamba ya ngazi pembeni. Magharibi hivyohivyo. Jumla minara sita. Nililizunguka natafuta mlango mkuu nikaukosa, kumbe watu huingilia ubavuni. Kuta ni nene, madirisha mengi ni madogo, matao yake ya asili ni nusu duara, hayakuchongoka. Ndiyo alama ya mtindo wanaouita Romaneski, uliotangulia Gothiki.

Ndani nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna mapambo mengi. Ila kadiri unavyokaa unaanza kuona kuna hesabu. Pale mikono ya msalaba inapokutana na ukumbi pana eneo la mraba, limezungushiwa matao manne ya mawe mekundu na meupe yanayopishana. Ule mraba ndio kipimo cha kanisa zima. Ukumbi mkuu una urefu wa miraba mitatu ileile. Na nguzo zimepangwa kuufuata: nguzo moja pana ya pembe nne, kisha mbili za mviringo, kisha pana, mbili za mviringo, pana. Nilitembea taratibu nikihesabu kwa mguu: moja, mbili-tatu, moja, mbili-tatu. Waliosoma ushairi watanielewa, ile ni mizani. Kama utenzi: hata usipoelewa maneno, sikio linajua mstari umeishia wapi.

Sasa chukua picha hiyo, kisha weka tarehe 22 Machi 1945. Mchana. Ndege za Uingereza na Kanada zinaangusha mabomu ya kulipuka na ya moto juu ya Hildesheim. Mji wa kale ulikuwa wa nyumba za fremu za mbao, zimebanana, na moto ulipita mtaa hadi mtaa. Mamia ya watu walikufa. St. Michaelis likaungua, paa likaanguka ndani, zikabaki kuta zilizopasuka. Zilikuwa zimebaki chini ya wiki saba vita viishe Ulaya.

Nikitoka zamu kesho nitaleta habari ya dari. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu.

Fundi Saruji

Mkuu, asante sana kwa uzi. Mimi ni fundi mwashi, niko Mwanza. Niongeze kidogo kwa upande wa kazi, kwa sababu watu wengi hudhani moto hauli jiwe.

Moto ukishika paa la mbao, mbao zinaanguka ndani na kuendelea kuungua chini, pale kwenye nguzo. Jiwe likipata joto kali linapasuka na kumeguka ngozi. Baya zaidi ni kwamba paa na dari ndivyo vinavyozishika kuta ndefu zisiyumbe. Vikiondoka, ukuta mrefu unabaki peke yake. Halafu mvua. Ukuta wa kale ni mawe nje, mawe ndani, katikati kifusi na chokaa. Maji yakiingia kwa juu yanaosha chokaa. Na huko kwenu kuna baridi ya kugandisha, maji yakiganda ndani ya ukuta yanatanuka na kuupasua. Kwa hiyo kila mwaka ambao gofu linakaa wazi ni hasara nyingine juu ya ile ya bomu.

Swali langu: walijuaje vipimo? Na walianza kazi lini?

Mti wa Njombe

Fundi, nashukuru, hilo la maji kuganda sikulijua kabisa.

Ujenzi mkubwa ulifanyika kati ya 1950 na 1957. Fikiria Ujerumani ya 1950: watu wenyewe hawana nyumba. Kuhusu vipimo, walikuwa na sehemu kubwa ya kuta zilizosimama, walikuwa na misingi ardhini, na walikuwa na ule mraba niliousema. Ukishapata mraba mmoja kamili unajua kila kitu kinapaswa kuwa wapi. Nadhani ndiyo maana lilirudi. Bernward aliacha hesabu, na hesabu haiungui.

Walichoamua ni kulirudishia umbo la siku za Bernward, siyo lile lililokuwepo asubuhi ya siku ya mabomu. Maana kabla ya vita kanisa lilikuwa limeshapoteza sehemu zake kwa karne nyingi. Liliwahi kuungua 1162 likatabarukiwa upya 1186. Ukiangalia vichwa vya nguzo utaona tofauti: vichache ni vya Bernward, vya mche mraba uliolainishwa chini ukakutana na duara la nguzo, havina pambo. Vingine vimechongwa majani na nyuso, hivyo ni vya baada ya ule moto wa karne ya 12.

Kalamu Kavu

Uzi mzuri, lakini naomba niseme ninaloliona. Kama paa liliungua, kuta zilijengwa upya na umbo limechaguliwa na wahandisi wa miaka ya 1950, basi hilo ni kanisa la miaka sabini lililovaa joho la miaka elfu. Sisemi ni baya. Nasema tuliite jina lake.

Mti wa Njombe

Kalamu, swali lako ni la haki na mimi nilikwenda nalo. Acha nikujibu kwa habari ya dari.

Ukumbi mkuu una dari bapa ya mbao, imechorwa yote, urefu zaidi ya mita 27 na upana karibu mita 9. Ni ya karne ya 13, kama mwaka 1230. Imeungwa kwa vipande vya mwaloni vipatavyo 1,300. Mchoro wake ni mti wa Yese. Wanaokumbuka Isaya sura ya 11 wanajua, chipukizi litakalotoka katika shina la Yese. Upande mmoja wanaanza Adamu na Hawa pamoja na ule mti wa bustanini. Anafuata Yese amelala, shina linatoka mwilini mwake. Shina linapanda: Daudi, Sulemani, Hezekia, Yosia, kisha Mariamu, mwisho Kristo. Pembeni, ndani ya miviringo, kuna mababu wa Yesu. Ukitazama juu shingo inauma, kwa hiyo nililaza simu kwenye kiganja, nikafungua kamera ya mbele, nikawa natembea naangalia chini. Daudi alikuwa anapita mkononi mwangu.

Sasa sikilizeni. Dari hii ingeungua. Ilikuwa ndicho kitu cha kwanza ambacho moto wa paa ungekikuta. Lakini 1943, miaka miwili kabla ya mabomu, watu waliipandia, wakaifungua ubao kwa ubao na kuificha. Vipande 1,300. Kila kimoja lazima kijulikane kilikaa wapi, la sivyo hakirudi. Baada ya vita ikapandishwa tena. Sehemu kubwa kabisa ya rangi unayoiona ni ileile ya karne ya 13.

Nilikaa pale nikimfikiria mtu aliyekuwa juu ya jukwaa la mafundi mwaka 1943, anashusha uso wa Mariamu kutoka darini. Yeye alijua vita vinakuja hapa. Aliona kanisa likiwa zima na akaona pia litakavyokuwa. Kwa hiyo Kalamu, nikubali kwamba kuta nyingi zimeguswa na mikono ya 1950. Lakini kile kilichokuwa chepesi kuliko vyote kuungua ndicho kilichosalimika, kwa sababu kuna watu walikishusha mapema. Siwezi kuita hilo joho.

Kalamu Kavu

Hapo umenigusa. Narudisha neno "joho". Ila hoja ya kuchagua umbo bado naiona nzito. Aliyechagua siku za Bernward amefuta kazi za waliokuja baadaye.

Mti wa Njombe

Ni kweli, na hilo sina jibu la kulifunga. Kwenye kanisa kuu la huohuo mji, ambalo nalo liliungua siku ileile, walikuwa na mapambo ya Baroki ya karne ya 18 ndani. Yaliteketea na hawakuyarudisha. Mtu aliyebatizwa chini ya yale mapambo alirudi akakuta kanisa la babu wa babu zake, siyo lake.

Kando ya Rhine

Wakuu, mimi niko Köln, nimelisoma hili kwa hamu. Huku ubishi wa Kalamu na mleta uzi uliwahi kufanyika hadharani.

Köln ina makanisa makubwa 12 ya Romaneski ndani ya mji wa kale: Groß St. Martin, St. Maria im Kapitol, St. Gereon, St. Aposteln na mengine. Karibu yote yaliumia vitani, mengine yakabaki vifusi. Majira ya baridi ya 1946–47, watu wana njaa, iliandaliwa mihadhara kujadili swali moja: makanisa yafanywe nini? Wapo waliotaka yajengwe kama yalivyokuwa. Wapo waliosema kufanya hivyo ni kujidanganya kana kwamba hakuna kilichotokea, yaachwe magofu. Wapo waliotaka kitu kipya kijengwe juu ya kilichobaki.

Ukitembea Köln leo unayaona majibu yote matatu. Groß St. Martin lilijengwa upya, mnara wake unaonekana kutoka mtoni, na watu waliingia tena 1985, miaka 40 baada ya vita. Mwaka huo mji ulifanya sherehe ya makanisa yale 12. St. Alban lenyewe liliachwa bila paa mpaka leo, na ndani yake kuna nakala ya sanamu za Käthe Kollwitz, baba na mama wamepiga magoti wakimlilia mtoto. Kollwitz alipoteza mwanawe Vita ya Kwanza, 1914. Na St. Kolumba, ambalo lilikuwa la Gothiki, kulibaki sanamu ya Bikira Maria kwenye nguzo katikati ya kifusi. Mbunifu Gottfried Böhm akaijengea kanisa dogo tu, likakamilika 1950, na sasa lote limefunikwa na jumba la makumbusho la Peter Zumthor lililofunguliwa 2007.

Mimi ninayependa zaidi ni St. Alban. Nikipita pale huwa siwezi kuongea na simu. Lakini nisingependa yote 12 yawe hivyo. Mji hauwezi kuishi ndani ya msiba peke yake.

Binti Shangani

Assalaam aleikum. Nipo Unguja, mimi si Mkristo lakini uzi huu unanihusu. Tarehe 27 Agosti 1896 manuwari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya hapa, kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri, haikujengwa tena, pale pakawa bustani. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), iliyojengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, ilinusurika, na baadaye ikaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Watu wengi wanaoipenda Beit al-Ajaib wanaipenda kwa ule mnara, na mnara si wa Barghash.

Kisha tarehe 25 Disemba 2020, hakuna vita, hakuna bomu, sehemu yake ikaporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo mie nikisikia mtu anasema "kipi cha asili na kipi si cha asili" najikuta sina hamu. Niliyokuwa nikiyaona kila siku niendapo skuli yameanguka. Nataka yasimame. Yakisimama ndipo tubishane.

Fundi Saruji

Wa aleikum salaam dada. Pole sana. Umesema neno la fundi.

Msomaji wa Kigoma

Mleta uzi, naomba kuuliza bila ubaya. Unasema mabomu yalikuwa ya Waingereza na Wakanada. Vita aliianza Mjerumani. Ukiwa pale ulijisikiaje? Na wenyeji wanaielezaje hiyo habari?

Mti wa Njombe

Hapana ubaya, kaka. Swali hili ndilo lililonifanya nisirudi moja kwa moja kituoni.

Kutoka St. Michaelis nilitembea hadi mtaa unaoitwa Lappenberg. Hapo palikuwa na sinagogi la Wayahudi wa Hildesheim. Lilichomwa moto usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, usiku ambao masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima. Halikuchomwa na ndege ya adui. Lilichomwa na watu wa nchi yake, miaka sita na zaidi kabla ya mabomu. Leo pana mnara wa kumbukumbu uliowekwa 1988, na mistari ya msingi imeonyeshwa ardhini ili ujue jengo lilikaa wapi. Basi. Ni uwanja mdogo wenye nyumba pembeni, ndege wanalia.

Nilisimama ndani ya ule msingi nikapiga hesabu rahisi. St. Michaelis lilijengwa upya kwa sababu baada ya vita walikuwepo watu wa kulidai. Walikuwepo waumini wa kuuliza tutasali wapi. Hapa Lappenberg wenye kuuliza walikuwa wamefukuzwa au wameuawa. Ukarabati unaanza na mtu anayesema "lile ni letu", na hapa huyo mtu aliondolewa kwanza.

Kwa hiyo ukiniuliza nilijisikiaje: niliwahurumia waliokufa tarehe 22 Machi, na bado nawahurumia, maana bomu halikumuuliza mtoto baba yake alimpigia nani kura. Lakini nisingetaka mtu atembelee kanisa akaliona tu kama jengo lililoonewa. Atembee na hizo dakika chache mpaka Lappenberg.

Msomaji wa Kigoma

Nimekuelewa. Asante kwa kutolikwepa.

Mama Neema

Wanangu, hamjambo? Mimi niko Hannover tangu watoto wangu wadogo, sasa wana watoto wao. Huyu kijana ameandika vizuri, ila amepita kanisa kuu haraka mno, na milango ya Bernward hakuisema.

Mti wa Njombe

Shikamoo mama. Ni kweli, nilikuwa nikiiwekea nafasi yake. Naomba uongezee nitakapokosea.

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Endelea.

Mti wa Njombe

Milango ni ya shaba, ya mwaka 1015. Kila ubawa una urefu wa mita 4.72 na umesubiwa kwa mmimino mmoja. Fundi Saruji, najua wewe ni wa mawe, lakini fikiria kazi hiyo: kalibu ya ukubwa huo, shaba inayoyeyuka ya karibu tani mbili, na ikikosea mahali pamoja unaanza upya. Hiyo ni miaka elfu iliyopita.

Ina picha 16, nane kila upande. Ubawa wa kushoto unasomwa kwenda chini: unaanza na kuumbwa, unashuka hadi Kaini anamuua Habili. Wa kulia unasomwa kwenda juu: chini kabisa malaika anampasha Mariamu habari, unapanda hadi Yesu mfufuka na Maria Magdalena. Mwanadamu anashuka huku, anapandishwa kule. Na picha zinazolingana zinaongea: pale Hawa na Adamu wanapokula tunda, upande wa pili mkabala wake ni msalaba.

Picha niliyoikazia macho ni ile ya Mungu akiwahoji bustanini. Mungu amemnyoshea kidole Adamu. Adamu amejikunyata, anamnyoshea Hawa. Hawa, amejikunyata vilevile, anamnyoshea nyoka aliye chini. Vidole vitatu vinafuatana. Fundi aliyefanya hiyo aliwajua watu.

Nayo milango ilitolewa na kufichwa kabla ya mabomu, kama ile dari. Kuna pia nguzo ya shaba yenye urefu wa karibu mita 3.8, ya kama mwaka 1020, yenye maisha ya Yesu yakizunguka kupanda juu, kwa namna ya zile nguzo za ushindi za makaisari ambazo Bernward aliziona Roma. Hiyo zamani ilikaa St. Michaelis, siku hizi iko kanisa kuu.

Mama Neema

Sawasawa. Na kripta?

Mti wa Njombe

Nilishuka mama. Kwa wasiojua: kripta ni kanisa dogo la chini, upande wa magharibi, ndimo lilimo kaburi la mawe la Bernward. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha sana kama Mlutheri. Matengenezo ya Luther yalifika Hildesheim 1542. Kanisa la juu likawa la Walutheri, lakini watawa Wabenediktini walibaki, na sehemu yao ikabaki yao. Monasteri ilifungwa 1803, ila hadi leo kanisa la juu ni la Walutheri na kripta ni ya Wakatoliki. Jengo moja, karibu karne tano. Nilisali juu, nikashuka nikasali chini.

Kando ya Rhine

Mleta uzi, kwa walio huku Ulaya: angalieni sarafu zenu za euro 2. Ile ya Ujerumani ya 2014, ya jimbo la Niedersachsen, ina picha ya kanisa hilihili na minara yake. Nimekuwa nikiinunulia mkate miaka yote hii bila kujua ni nini.

Kalamu Kavu

Na orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, limeingizwa?

Mti wa Njombe

Tangu 1985, St. Michaelis pamoja na kanisa kuu. Yaani waliyaingiza yakiwa yameshajengwa upya, wakijua.

Binti Shangani

Mama Neema, shikamoo. Nimesikia habari ya mwaridi wa Hildesheim. Ni kweli au ni hadithi?

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Kuna hadithi na kuna niliyoyaona.

Hadithi inasema Kaisari Ludwig, mwaka 815, alikuwa akiwinda huko, ikaning'inizwa kasha la masalia ya watakatifu kwenye mwaridi mwitu, na walipotaka kuliondoa likagoma kutoka. Ndipo likajengwa kanisa hapo. Wanauita mwaridi wa miaka elfu. Umri huo siuapii.

Lakini mwaridi upo. Umepanda ukuta wa nyuma wa kanisa kuu, ule wa nusu duara, unafika kama mita kumi. Tarehe 22 Machi ukuta uliungua, mwaridi ukafukiwa na kifusi, juu hakikubaki kitu. Majira yaleyale ya kuchipua, wiki chache baadaye, mizizi ikatoa machipukizi kupitia kifusi. Wazee wa Hildesheim niliowahi kusali nao walikuwa wakilisimulia hilo kuliko habari ya ndege. Mmoja aliniambia walikwenda kuangalia kila baada ya siku chache, kama unavyokwenda kumwangalia mgonjwa.

Maua yenyewe usitarajie waridi la dukani. Ni petali tano tu, rangi ya pinki iliyofifia, harufu ndogo. Yanachanua mwishoni mwa Mei au Juni, wiki mbili hivi, yamekwisha. Mwaka wa kwanza nilichelewa nikakuta majani.

Mti wa Njombe, ulikwenda wakati mbaya mwanangu. Mwezi wa tano nipigie, namba nitakutumia faraghani. Nitakupeleka mimi. Tutaanzia Lappenberg, kisha mwaridi, na St. Michaelis tuliweke mwisho, jioni, jua likiwa linaingilia upande wa magharibi. Na hiyo simu uiache mfukoni, nitakuonyesha namna ya kuitazama dari ukiwa umelala kwenye benchi.

Mti wa Njombe

Nitakuja mama. Nitaomba likizo ya siku mbili mapema kabla ratiba ya zamu haijatoka.